Matone Sabini kwa Dakika

Sista Felicitas Tabungar alikuwa akimaliza hesabu ya dripu kabla daktari hajafunika kalamu yake. Daktari akiandika kwamba mtoto apewe maji kiasi fulani ndani ya saa nane, yeye ameshashika mrija, ameinua ile saa ndogo iliyoning'inia kifuani, na midomo yake inahesabu matone. Haandiki kitu. Sisi tuliokuja nyuma tulizisikia sifa zake kabla ya kumwona: kwamba mwaka wa kipindupindu, mimi sijazaliwa, alitundika dripu arobaini na tatu siku moja, wazee, wajawazito, vichanga, kila mmoja na kasi yake, na hakukosea hata moja. Pwani yote ya mashariki ya kisiwa chetu cha Samar hapakuwa na nesi wa kumfikia.

Nilipoajiriwa katika wodi yake ya watoto, pampu zilikuwa zimeshafika siku nyingi. Zilikuwa msaada kutoka ng'ambo, visanduku vya rangi ya maziwa vyenye kioo kidogo mbele. Unabonyeza sabini, kisanduku chenyewe kinasukuma mililita sabini kwa saa, na mrija ukikunjika kinalia. Walionitangulia walinisimulia kwamba mwaka wa kwanza Sista Feli alizipiga vita. Alikuwa akifunika kioo kwa kitambaa, anahesabu matone mwenyewe, halafu anafunua kuona nani mshindi. Siku moja akakuta pampu imewekwa kasi isiyomfaa mtoto, akaibadilisha bila kumuuliza mtu. Alikuwa sahihi, na kila mtu alijua kwamba alikuwa sahihi. Lakini utawala ukamwandikia barua: kuanzia siku hiyo nesi asipange dripu kwa hesabu ya kichwa. Namba itatoka kwenye kompyuta ya famasi, itaingizwa kwenye pampu, basi. Nakala ikabandikwa ukutani karibu na sinki. Sista Feli aliisoma mbele ya wenzake, akakunja ile yake mara nne.

"Haya," alisema. "Kichwa changu nacho kipate likizo."

Likizo hiyo ilichukua miaka kumi na minne.

Mimi sina cha kumcheka. Chuoni tulifundishwa kanuni ya matone, nikaikariri kama sala, nikafaulu mtihani, na baada ya hapo sikuihitaji tena. Tangu nikiwa msichana mdogo nilijumlisha kwa simu. Wenzangu wodini walikuwa hivyohivyo, na Sista Feli alitupa jina letu: watoto wa betri.

"Nyinyi watoto wa betri," alikuwa akituambia, "siku betri ikiisha mtajificha chini ya vitanda."

"Tutakuita wewe, Sista," tulimjibu.

"Na nitakuja, mtafanyaje? Nitakuja na fimbo."

Tulicheka, naye alicheka. Lakini nakumbuka siku moja mwenzetu alileta sinia la bibingka, keki zile za mchele, kwa kuadhimisha siku yake ya kuzaliwa. Vipande ishirini na nane, na sisi tulikuwa saba. Sista Feli ndiye aliyepewa kazi ya kugawa. Alisimama na kisu mkononi, akatazama sinia, kisha akatoa simu mfukoni na kubonyeza.

"Sista! Hata hiyo?"

"Kidole kimezoea," alisema huku akitugawia vinne vinne. Hakuna aliyelifikiria jambo hilo zaidi. Yeye mwenyewe hakulifikiria, maana jioni ileile alitusimulia tena habari za zile dripu arobaini na tatu.

Mwaka ule dengi ilitujia vibaya. Ni homa ya mbu, na ugonjwa wenyewe ni wa hila: mtoto akinyimwa maji anakufa, na akizidishiwa, maji yanahamia mapafuni, anakufa vilevile. Ndiyo maana dripu yake haiendi kwa kukisia. Tulikuwa na watoto tisa wodini, watano kati yao kwenye dripu. Mdogo kuliko wote alikuwa Maymay, miaka minne, kilo kumi na nne, mtoto wa maneno mengi ambaye hata homa haikumnyamazisha. Mama yake alikuwa mfanyakazi wa ndani Riyadh. Aliyekuwa naye kitandani ni bibi yake, Bibi Basyon, muuza samaki wa kukausha kwa moshi, ambaye shule aliiacha darasa la tatu.

Tufani ilitua alfajiri. Hadi saa mbili asubuhi paa la jengo la wagonjwa wa nje lilikuwa limekwenda, daraja la mjini halipitiki, na maji yameingia chumba cha chini kwenye jenereta. Jenereta ikakohoa mara mbili, ikazimika. Daktari wetu, Dokta Quilantang, alikuwa amekwama ng'ambo ya mto. Wodini tulikuwa manesi watatu: Sista Feli, mimi na msichana mmoja aliyekuwa na miezi miwili tu kazini.

Pampu zilikuwa na betri za ndani. Tulizihesabia saa tatu, zikatupa karibu nne. Ilipofika saa sita mchana zikaanza kulia moja baada ya nyingine, mlio ule mwembamba wa kuomba umeme.

"Sista, ya kitanda cha tatu imezima."

"Na ya Maymay nayo, Sista."

Tukamgeukia. Mama wote wodini nao wakamgeukia, maana kila mama wa mji ule alimjua. Na sitaficha jambo hili: alifurahi. Alikunja mikono ya gauni lake, akanawa, akaitoa ile saa ya kifuani akaifuta kwenye aproni.

"Leo mtajua Mungu aliwapa vichwa vya nini," alisema, akanigeukia mimi. "Neri, njoo utazame. Kwa mtoto hakuna hesabu rahisi kuliko hii. Mililita kwa saa ndiyo matone kwa dakika. Pampu ilisema sabini? Basi matone sabini. Ilisema tisini? Matone tisini. Namba ni ileile."

Akauchomoa mrija wa Maymay kwenye pampu, akatundika chupa mpya juu zaidi, akasogeza kigurudumu kidogo cha mrija kwa kidole gumba huku macho yakiwa kwenye saa. Matone yakaanza kudondoka haraka haraka. Akahesabu. Akalegeza kidogo. Akahesabu tena.

"Sabini," alisema, akaenda kitanda kingine.

Aliyoyasema yalikuwa kweli enzi zake. Hilo nilikuja kulijua baadaye, nilipoketi na daftari na kuanza upya. Zamani mtoto alitundikiwa mrija wa matone madogo, ambayo sitini yake ndiyo mililita moja. Saa ina dakika sitini, mililita ina matone sitini, kwa hiyo namba inabaki ileile, huhitaji kugawanya wala kuzidisha. Lakini tangu pampu zije, hospitali haikununua tena mirija ile. Mirija ya pampu ilikuwa ya matone makubwa, na ishirini tu yanatosha mililita moja. Kwa Maymay yalitakiwa matone ishirini na matatu. Sista Feli alikuwa ameibakiza kanuni, sababu yake ikampotea. Zamani asingekosea; mkono wenyewe ungekataa kuachia maji mengi hivyo kwa mtoto mdogo hivyo.

Mvua iliendelea kupiga. Tulikuwa tukihamisha vitanda vilivyovujiwa, tukikinga maji kwa ndoo, tukichana mashuka makavu kuwafutia watoto. Saa nane na nusu Bibi Basyon akanivuta gauni.

"We mwanangu, hebu simama. Chupa hii ni ya ngapi?"

"Ya pili, Bibi. Ile ya kwanza imekwisha, nimeibadilisha sasa hivi."

"Nimeona. Ndiyo nakuuliza. Chupa ina mia tano, sivyo? Imeandikwa hapo."

"Ndiyo."

"Na kile kisanduku kilisema sabini kila saa. Mia tano ukiitoa sabini sabini, unapata saa saba na kidogo. Jana nilikuwa naona: unaweka chupa asubuhi, nakula chakula cha mchana, nalala, naamka, bado ipo. Leo umeiweka saa sita. Haijafika hata saa mbili na nusu, kwishnei. Hii ni mara tatu, mwanangu. Kwa nini mnampa mara tatu?"

Alisema hivyo bila kalamu wala simu, anamfunika mjukuu wake miguu. Mimi nilisimama na chupa tupu mkononi. Nilijua moyoni kwamba amesema kweli. Lakini moyo ni moyo, nikataka namba.

Simu yangu ilikuwa imebakiza asilimia sita. Nikaenda karibu na sinki, nikafungua kalkuleta. Nilikumbuka kwamba kuna sitini, na kuna ishirini kwa sababu niliiona imechapwa kwenye karatasi ya mrija. Nikaweka sabini, nikazidisha kwa sitini, nikagawa kwa ishirini. Ikaja mia mbili na kumi. Nikafuta. Nikaweka sabini, nikazidisha kwa ishirini, nikagawa kwa sitini. Ikaja ishirini na tatu nukta tatu tatu. Sikujua ipi ndiyo. Mashine ilinijibu kila nilichoiuliza, ila sikujua cha kuiuliza.

Nikamwendea Sista Feli. Alikuwa amepiga magoti akikausha maji chini ya kitanda cha tisa.

"Sista, Bibi Basyon anasema chupa ya Maymay imekwisha mapema mno."

"Bibi Basyon wa samaki?"

"Ndiyo. Anasema ni mara tatu."

"Na mimi nikienda sokoni nitamfundisha kukausha samaki." Hakuinua kichwa. "Chupa hizi za msaada hazijai. Endelea na kazi."

"Na mimi nimejaribu kwa simu, Sista. Sikupata sabini."

Hapo aliinuka. Alikuwa mwanamke mrefu, na gauni lake lilikuwa limelowa hadi kiunoni.

"Umepata ngapi?"

"Nimepata mia mbili na kumi. Nikigeuza, napata ishirini na tatu."

"Ipi kati ya hizo?"

Nikaitazama simu.

"Nakuuliza wewe, Nerissa. Ipi?"

"Sijui, Sista."

"Hujui." Alisema polepole, yule msichana mgeni akisikia, mama wawili wakisikia. "Nimetundika dripu kabla mama yako hajavunja ungo. Unakuja kunipinga na namba mbili, na hujui yako ni ipi. Rudi kwa mgonjwa wako, mtoto wa betri."

Nikarudi. Bibi Basyon alinitazama usoni akapata jibu lake, hakuniuliza kitu. Nilipompa kisogo alisogeza kile kigurudumu kupunguza matone. Sista Feli alipopita akakiona, akakirudisha, akamkaripia asiguse vifaa vya hospitali. Bibi yule aliomba radhi. Aliomba radhi! Alisema, "Samahani, Sista, mimi sijasoma."

Na mimi nilikuwepo.

Saa kumi Maymay aliacha kuongea. Nilidhani amelala. Nilipomkaribia niliona mbavu zake zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, na midomo imeanza kubadilika rangi. Nikaweka kipimo cha kusikilizia kifuani. Kifua chake kilichemka kama sufuria. Nikafunga dripu yake bila kumuuliza mtu, nikakimbia kitanda cha tatu, cha nne, cha sita, cha nane, nikazifunga zote huku nikipiga kelele. Sista Feli alikuja mbio. Alipokifikia kitanda cha Maymay alitazama chupa, akatazama mrija, akaushika pale tone linapoangukia, akausogeza machoni kama mtu anayetafuta mwiba. Niliona alivyoelewa. Ilimjia yote mara moja.

"Makubwa," alisema. "Matone makubwa. Yesu wangu, ni ishirini. Ni ishirini, Neri."

Tulimkalisha mtoto wima. Tulimpa oksijeni kutoka mtungi mmoja uliokuwa na robo. Dawa ya kumtoa maji ilikuwa kwenye stoo ya famasi, na ufunguo ulikuwa na mtu aliyekwama nyumbani kwake. Yule msichana mgeni akavunja kioo kwa jiwe akaileta, mkono unatoka damu. Dokta Quilantang alifika saa kumi na moja, amevuka mto kwa kamba. Hata viatu hakuwa navyo.

"Kimeingia kiasi gani?" aliuliza akiwa tayari ameinama kifuani kwa mtoto.

Mimi nilifungua mdomo. Sista Feli alifungua mdomo. Aliyejibu ni bibi.

"Chupa moja nzima tangu saa sita, na ya pili imebaki theluthi. Mia nane na arobaini hivi. Ilitakiwa mia mbili na themanini."

Dokta aliinua macho akamtazama, kisha akatutazama sisi.

Maymay alifariki kabla giza halijaingia. Wale wanne wengine walikuwa wakubwa kidogo, wakapona, mmoja kwa taabu sana. Mama yake Maymay alipata habari siku ya tatu, mtandao uliporudi. Alipiga simu ya Bibi Basyon mara nyingi mno, na bibi hakuwa na pa kuichaji.

Uchunguzi ulikuja baada ya wiki mbili, watu watatu wenye mafaili. Sista Feli hakujitetea. Aliandika kwa mkono wake: *Nilikosea hesabu. Nilitumia matone ya mrija mdogo kwenye mrija mkubwa. Nesi mwenzangu alinionya, bibi wa mtoto alinionya.* Wakamrudishia karatasi. Walimwambia, kwa upole kabisa, kwamba akiandika hivyo itabidi waulize kwa nini wodi nzima hapakuwa na mtu wa kuisahihisha hesabu hiyo, na barua ya kukataza hesabu za kichwa ilitoka kwa nani. Ripoti iliyotoka ilisema: hitilafu ya umeme kutokana na tufani. Mapendekezo: pampu zenye betri ya saa kumi na mbili. Zilinunuliwa. Siku ya kuzipokea ulikatwa utepe.

Sista Feli alistaafu mwezi huohuo, ikiwa bado miaka miwili muda wake ufike. Nilikwenda kumwona kwake. Meza yake ya kulia ilijaa karatasi, nyuma ya kalenda za zamani, hesabu juu ya hesabu. Aliniomba nimtajie uzito wa mtoto wowote na mrija wowote. Nikamtajia. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Ilimchukua muda mrefu kuliko kupika wali. Jibu lilikuwa sahihi.

"Imerudi?" aliniuliza.

"Imerudi, Sista."

"Ilikuwa inachukua pumzi moja," alisema. Akageuza karatasi ili nisiione. "Nilidhani ipo tu. Unajua? Nilidhani kitu ukishakijua kinakaa. Kila siku nilikuwa nawasimulia habari zake, kumbe nasimulia za mtu mwingine."

Kabla sijaondoka aliniomba nimsindikize sokoni, kwa Bibi Basyon. Nilimwambia asiende. Alikwenda, na mimi nyuma yake.

Bibi Basyon alikuwa amekaa nyuma ya sinia zake za samaki, wateja wanne mbele yake wakitaja vipimo kwa pamoja, naye akiwajibu wote bila kupoteza hata mmoja. Alituona. Akamaliza nao kwanza. Sista Feli akapiga magoti palepale kwenye sakafu yenye maji ya samaki, mbele ya watu.

"Nilikosea hesabu, Mama. Si umeme. Ni mimi. Wamekataa kuandika, ndiyo maana nimekuja kukwambia mwenyewe."

"Najua ni wewe," alisema Bibi Basyon. "Nilikuwepo."

"Naomba unisamehe."

Bibi yule alichukua kitambaa akafukuza nzi juu ya sinia.

"Nilipunguza kile kidude," alisema. "Wewe ukakirudisha, na mimi nikakuomba radhi. Kila siku nalifikiria hilo. Si wewe ninayekufikiria. Najifikiria mimi. Mimi nilikuwa najua mara tatu ni mara tatu, nikaomba radhi kwa sababu umevaa nyeupe." Kisha akanigeukia. "Na huyu naye alijua. Nilimwona usoni."

Niliinamisha macho kwenye sinia za samaki.

"Inuka, Sista, unazuia wateja," alisema. Haikuwa kwa ukali. Haikuwa msamaha pia. Mwanamke mmoja nyuma yetu alikuwa ameshanyoosha mkono kuchagua samaki, na Bibi Basyon akaanza kumhesabia.

Sista Feli alikufa miaka mitatu baadaye, kwa kiharusi. Mimi bado niko wodi ileile. Hesabu ya matone naijua sasa, ya mirija yote miwili, na kila asubuhi naifanya kwa kichwa kabla sijabonyeza pampu. Nimejaribu kuwafundisha wanaokuja nyuma. Wananisikiliza kwa adabu, wengine wanaandika. Juzi mmoja aliniuliza kama itatoka kwenye mtihani. Nilimwambia haitatoka, akafunga daftari.